Barua ya wazi: Mpangaji aliyeishiwa aonyeshwe njia zake kabla ya kufuli

Kwenu mnaotunga sheria za pango, mnaosikiliza mashauri ya nyumba na mnaoongoza idara za makazi.

Waheshimiwa,

Miaka kadhaa iliyopita nilirudi kutoka kazini jioni nikakuta mlango wangu una makufuli mawili. Moja langu, la zamani, limechubuka kwa funguo. La pili jipya, la manjano, bado lina kibandiko cha dukani. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili na siku kumi na moja. Ndani kulikuwa na dawa za mtoto, vyeti vyangu na simu niliyoiacha ikichaji. Mwenye nyumba hakuwepo. Aliyekuwepo ni kijana wake, amekaa kwenye ngazi, akaniambia kwa upole kabisa kwamba yeye ametumwa tu. Nikamwomba radhi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: niliyefungiwa nje bila amri ya mahakama ndiye niliyeomba radhi, kwa kuwa sikujua kwamba kudaiwa ni jambo moja na kufungiwa ni jambo jingine.

Siku ya tatu mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa mahakama aliniandikia barua ya mistari sita. Kufuli lilitoka jioni ileile. Deni lilibaki palepale, nikalimaliza baada ya miezi saba. Siku hizi ninajitolea kama msaidizi wa kisheria, nakaa nyuma ya meza, na watu wananiletea karatasi zao ndani ya mifuko ya plastiki. Wengi wao hufika wakiwa wamechelewa.

Nawaandikia kwa jambo moja. Mpangaji anayeishiwa ana njia za kisheria nyingi kuliko anavyodhani, lakini karibu kila njia ina tarehe yake ya kufa, na tarehe hiyo hupita kabla hajasikia kwamba njia ilikuwepo. Karatasi inayomfikia humtajia mambo mawili: anadaiwa kiasi gani na atoke lini. Basi.

Mwezi uliopita mama mmoja alinikunjulia notisi iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kukatika. Alitembea nayo kwenye mkoba wiki tano. Tarehe ya kufika mahakamani ilikuwa imepita kwa siku mbili. Nilimuuliza, mama, mbona hukuja mapema? Akasema alikuwa anahangaikia hela kwanza, asije mahakamani mikono mitupu. Tukaacha kuzungumzia deni, tukaanza kuzungumzia jinsi ya kuomba hukumu iliyotolewa yeye hayupo itenguliwe. Ni kazi ngumu maradufu, ina ada zake, na hakimu ana haki ya kuuliza ulikuwa wapi.

Tuna methali ya kumsuta mtu kama huyu: mficha maradhi, kifo humuumbua. Naikubali. Lakini tazameni upande wa pili. Mpangaji akimwendea mwenye nyumba mapema na kusema "mwezi ujao sitaweza", sheria nyingi hazimpi chochote kwa ukweli wake. Hapati siku za ziada, hapati kinga, na mara nyingine anapata notisi kesho yake. Aliyenyamaza na aliyesema wanahesabiwa sawasawa. Kwa nini basi tunashangaa wanaponyamaza?

Njia zenye nafuu kubwa ziko mwanzoni kabisa, kabla deni halijazaliwa au likiwa bado changa. Ya kwanza iko ndani ya mkataba wenyewe, ambao mpangaji aliusoma mara moja tu, siku ya kutia saini, macho yakiwa kwenye funguo. Je, ni mkataba wa mwezi kwa mwezi au wa muda maalumu? Mwenye mkataba wa mwezi kwa mwezi akiona kipato kimekatika anaweza kutoa notisi leo, na kodi mpya ikaishia pale notisi inapoishia. Kila wiki anayoipoteza kwa aibu anajiongezea deni la wiki. Mwenye mkataba wa muda maalumu atafute kama kuna kifungu cha kuuvunja mapema, na masharti yake, maana vifungu hivyo huwa na mitego: notisi iwe ya maandishi, itolewe kabla ya siku fulani, kodi isiwe inadaiwa. Lile sharti la mwisho limewanasa wengi. Mtu anangoja mpaka awe na deni ndipo akumbuke kifungu ambacho kinamtaka asiwe na deni.

Kukiwa hakuna kifungu, kuna kurudisha nyumba kwa makubaliano. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nimeona watu wakiumia zaidi bila sababu. Wapo wanaohama usiku na kusukuma funguo chini ya mlango wa mwenye nyumba, wakaamini wameshatoka. Kisheria, mara nyingi hawajatoka. Kurudisha nyumba ni shughuli ya watu wawili: mmoja arudishe, mwingine apokee. Bila kupokelewa, mkataba wa muda maalumu unaendelea kupumua, kodi inaendelea kuandikwa, na mdhamini aliyetia saini kwa kukusaidia ndiye atakayegongewa mlango. Kinachotakiwa ni karatasi moja: tarehe ya kukabidhi funguo, namba zilizosomwa kwenye mita, amana (fedha uliyoiweka kwa mwenye nyumba ulipoingia) itafanywaje, deni la nyuma ni kiasi gani au limesamehewa, na sentensi inayosema mkataba umekwisha siku hiyo na hakuna kodi itakayodaiwa kwa siku za mbele. Saini mbili. Wenye nyumba wengi wanakubali wakiombwa kistaarabu, kwa kuwa nyumba tupu wanayoweza kuipangisha kesho ni bora kuliko mpangaji asiyelipa ambaye kumtoa kutachukua miezi.

Akikataa je? Jibu linategemea uko nchi gani, na tofauti ni kubwa kupita kiasi. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ya England na Wales iliamua shauri la wapangaji wa ofisi waliokuwa na mkataba wa miaka mitano, wakaihama na kuacha kulipa. Walijitetea kwamba mwenye jengo alipaswa kutafuta mpangaji mwingine badala ya kukaa akihesabu deni. Mahakama ikawakatalia: mkataba ulikuwa hai, na kodi ilikuwa haki yake. Wapangaji hao walikuwa mawakili. Ikiwa mawakili walijikwaa hapo, mshona viatu atajua nini? Majimbo mengi ya Marekani yamefuata njia nyingine: mpangaji akiondoka kabla ya muda, mwenye nyumba hana budi kufanya juhudi za kawaida za kuipangisha tena, na anachoweza kudai ni hasara iliyobaki baada ya juhudi hizo. Nyumba ikipata mtu baada ya wiki sita, deni la siku za mbele linasimama hapo. Waheshimiwa watunga sheria, hili ni la kuandika kwa sentensi mbili, nalo halimnyang'anyi mtu nyumba yake. Liandikeni, na kwa nyumba za kuishi lisiweze kufutwa kwa kifungu cha mkataba.

Kuhusu kumwingiza mtu mwingine nitasema machache. Kupangisha chini yako, yaani wewe ubaki mpangaji na yule mwingine awe mpangaji wako, si sawa na kuhamisha mkataba. Ukipangisha chini yako, wewe unabaki mdaiwa wa mwenye nyumba hata yule uliyemweka asipolipa. Ukihamisha mkataba mzima kwa idhini, mzigo wa siku za mbele unaweza kumwendea anayeingia, ilimradi hukuachwa kama mdhamini wake. Vyote viwili karibu kila mahali vinataka idhini ya maandishi, na kumwachia rafiki chumba kimyakimya kunaweza kuwa ndiyo sababu ya kukuvunjia mkataba ambao ulikuwa haujavunjika.

Sasa tuje kwa anayetaka kubaki, ambaye shida yake ni ya muda: kazi imesimama, mtoto amelazwa, biashara imeyumba lakini haijafa. Huyu anahitaji mpango wa kulipa kidogokidogo, na hapa nina ushauri ninaoutoa kila siku mezani: chukua kiasi unachotaka kuahidi, kikate nusu. Aibu humfanya mtu aahidi kisichowezekana. Wiki ya pili anakwama, na ahadi iliyovunjwa inageuka ushahidi dhidi yake. Mpango mdogo unaotimizwa miezi minne mfululizo una uzito mbele ya hakimu kuliko machozi. Uandikwe, usainiwe, useme wazi kwamba mwenye nyumba hatafungua shauri maadamu malipo yanafika. Na kila malipo yawe na risiti inayosema ni ya mwezi upi. Nimeona daftari zima la risiti zilizoandikwa neno moja, "amelipa", bila mwezi wala maelezo. Mpangaji alidhani anapunguza deni la zamani, mwenye nyumba akasema ni kodi ya sasa, na wote wawili walikuwa wakweli.

Wengine husema, paa linavuja, basi silipi. Madai ya matengenezo ni haki halali, na katika sheria nyingi yanaweza kupunguza deni yakipelekwa mbele ya hakimu na picha, barua na tarehe. Lakini kukata kodi kwa uamuzi wako mwenyewe, bila kufuata utaratibu wa nchi yako, ni kumpa mwenye nyumba sababu aliyokuwa anaitafuta. Amana nayo ni hivyohivyo. "Akate kwenye amana" ni makubaliano mazuri yakiwa kwa maandishi. Yakiwa moyoni mwa mpangaji peke yake, ni deni la mwezi mwingine.

Maji yakishafika shingoni, shauri likafunguliwa, bado kuna milango, na hapa mahakimu nawaomba mnisikilize. Huko Ujerumani, mpangaji aliyevunjiwa mkataba papo hapo kwa sababu ya deni anaweza kulifuta kosa hilo akilipa deni lote ndani ya miezi miwili tangu alipofikishiwa hati ya shauri, au ofisi ya umma ikiahidi kwa maandishi kulipa kwa niaba yake. Nafasi hiyo haipatikani kama alishaitumia ndani ya miaka miwili iliyotangulia. Ina tundu lake: pamoja na kuvunja mkataba papo hapo, mwenye nyumba anaweza kuwa ametoa pia notisi ya kawaida, ile ya kuumaliza mkataba baada ya muda fulani, ambayo malipo hayo peke yake hayaifuti. Hata hivyo msingi ni mzuri. Sheria inamwambia mtu: una siku hizi, ukilipa mkataba unarudi. Kwa England na Wales, tangu Mei 2021 mtu mwenye madeni yaliyomzidi anaweza kupitia mshauri wa madeni akapewa siku 60 za kupumua ambazo wadai, pamoja na mwenye nyumba anayedai kodi ya nyuma, hawamsumbui kwa deni hilo. Kodi ya sasa anatakiwa aendelee kuilipa. Hilo nalo ni sawa, kwa kuwa siku za kupumua ni za kutafuta ufumbuzi, na deni linaloendelea kukua halitafutiki ufumbuzi.

Siwezi kuacha kisa cha Paris. Mnamo Februari 1, 1954, katikati ya baridi kali, padre aliyejulikana kwa jina la Abbé Pierre alipaza sauti redioni akawaeleza Wafaransa kwamba usiku huo mwanamke mmoja ameganda na kufa kando ya barabara ya Sébastopol, akiwa ameikumbatia karatasi aliyofukuzwa nayo nyumbani siku mbili kabla. Watu walitoka na mablanketi. Mwaka 1956 ikapatikana sheria ya kusimamisha ufukuzaji wakati wa baridi, na leo kipindi hicho huanza Novemba 1 hadi Machi 31. Nikisoma kisa hicho huwa siwazi baridi. Nawaza ile karatasi. Aliishika kwa nini? Pengine alidhani kuna mtu atakayeisoma na kumwambia cha kufanya. Wanaokuja mezani kwangu wanaishika vilevile.

Karatasi hiyo inaweza kuandikwa upya. Ombi langu kubwa ni hilo, na halihitaji bajeti ya kujenga nyumba hata moja. Uskoti wameshaonyesha mfano: tangu 2020, mwenye nyumba binafsi anayetaka kumtoa mpangaji kwa deni la kodi hutazamwa na baraza linaloamua mashauri ya nyumba kama alimpa mpangaji maelezo ya wazi kuhusu deni, kuhusu haki zake na mahali pa kupata ushauri, na kama alifanya juhudi za kweli za kukubaliana mpango wa kulipa. Ilianza kama hatua ya wakati wa korona, baadaye ikawekwa katika sheria ya kudumu. Mimi naomba mwende hatua moja zaidi. Notisi ya deni isiyo na ukurasa wa njia za mpangaji ihesabiwe haijatolewa. Ukurasa mmoja tu, kwa lugha ambayo mpangaji anaiongea sokoni: unaweza kuomba mpango wa kulipa, unaweza kurudisha nyumba kwa makubaliano, fika mahakamani hata kama huna hela, hakuna anayeruhusiwa kukufungia mlango bila amri ya mahakama, na huyu hapa ndiye wa kumuuliza bila malipo.

La pili, mpangaji anayetoa taarifa ya maandishi mapema, kabla deni halijafika mwezi mmoja, apewe kipindi kifupi cha lazima cha mazungumzo kabla ya shauri kufunguliwa. Wiki nne zinatosha. Mwenye kusema ukweli apate kitu kwa kuusema.

La tatu ni kufuli. Katika nchi nyingi mnazoziongoza kufungia mtu nje ni kosa tayari. Afrika Kusini imeliweka kwenye Katiba yenyewe ya 1996, ibara ya 26: hakuna atakayetolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyotolewa baada ya kuzingatia mazingira yote. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni ilisema mwaka 1997 kwamba hata penye sababu halali, kama mtu kukataa kulipa kodi kila mara, lazima kuwe na notisi ya kutosha, watu wanaotekeleza wajitambulishe, isifanyike usiku wala kwenye hali mbaya sana ya hewa bila ridhaa ya wahusika, na anayetolewa awe na mahali pa kulalamika. Maneno yapo. Kinachokosekana ni askari wa kituo cha jirani anayeyajua. Nilipokwenda kuripoti kufuli langu niliambiwa hilo ni suala la madai, si la jinai, niende mahakamani, na mahakama ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Elekezeni vituo kwamba mlango uliofungwa bila amri unafunguliwa siku hiyohiyo, na mabishano ya deni yanafuata baadaye.

Wenye nyumba watasema namtetea mdaiwa sugu. Nawaelewa. Wapo wastaafu ambao chumba kimoja cha kupangisha ndicho pensheni yao, na wapo wanaolipia mkopo wa benki kwa kodi hiyohiyo. Wapo pia wapangaji ambao wamefanya kutolipa kuwa kazi, wanahama nyumba hadi nyumba. Nimewaona, na sikuwasaidia kubaki. Lakini shauri linalochukua mwaka halimsaidii mstaafu, na kufuli halimlipi. Wengi walioketi mbele yangu wangekuwa wameshatoka kwa hiari miezi mitatu nyuma, deni likiwa dogo, kama mtu angewaambia kwamba kutoka kwa makubaliano kunawezekana. New York mwaka 2017 ulikuwa mji wa kwanza Marekani kuahidi mawakili kwa wapangaji wa kipato cha chini wanaoshtakiwa kutolewa. Sidhani kila mahali pana fedha za kufanya hivyo. Ukurasa mmoja tunaumudu.

Rasimu yake nimeiambatanisha na barua hii. Ina mistari kumi na minane. Kabla ya kuituma nilimpa yule mama wa notisi iliyokunjwa mara nne aisome kwa sauti. Alisimama kwenye neno "malimbikizo", akaniuliza ndiyo nini. Nimelifuta, nimeandika "kodi ya nyuma unayodaiwa". Mengine aliyasoma hadi mwisho, kisha akauliza kama anaweza kuondoka na nakala.

Wenu,
Mpangaji, na msaidizi wa kisheria wa kujitolea